Kibati Msumarini

Tarehe 2 Machi

Mimi nina miaka sabini na tisa na bado napanda mlima. Nimemzika mke wangu, nimewazika wasimamizi wote wa bomba walionipigia kelele, nimemzika hata daktari aliyeniambia nisipoacha tumbaku nitakufa. Tumbaku niliacha baadaye, kwa hiari yangu, yeye akiwa keshatangulia. Daraja la kwanza la bwawa nililiona likijengwa, nikaliona likibomoka. Mimi nipo.

Naandika kwa sababu binti yangu anasema nasahau. Sisahau. Ila sisemi kila kitu. Daktari wa sasa, kijana asiye na ndevu, kaamua niandike kila siku nilichofanya mpaka mvua ziishe. Zikiisha watakaa, yeye na binti yangu, waone kama bado najielewa. Nikionekana sijielewi nitapelekwa jijini kwa mwanangu wa kiume, ghorofa ya saba, kwenye dirisha linalotazama dirisha la mtu mwingine. Huko hakuna pa kupanda isipokuwa ngazi, na hata ngazi wameziwekea lifti.

Kuandika nilijifunza ukubwani, darasa la jioni la wafanyakazi wa maji. Herufi zangu zimesimama kama watu waliogombana, lakini zinasomeka.

Tarehe 3 Machi

Nimepanda. Nimeshuka. Bwawa liko palepale.

Tarehe 5 Machi

Nieleze vizuri, maana daktari si mtu wa huku. Nyuma ya mtaa wetu, ukipita karakana ya magari na uwanja wa shule, vinaanza vilima. Njia inapanda mpaka bwawa la chini, ambako watu wa Jumapili wanakaa kwenye majani na kupiga picha. Ukiendelea unavuka mgongo wa kilima, unateremka kidogo, unaliona bwawa la juu, kimya, maji meusi. Kati ya mabwawa hayo limelazwa bomba kubwa la chuma. Bomba hilo nimelilaza mimi. Tulikuwa wengi, lakini wengine wamekufa, kwa hiyo nimelilaza mimi.

Siku hizi njia imejaa vibao vya manispaa, na watembeaji wanakuja na fimbo mbili mbili. Leo nimempita mmoja, nikamwambia, "Ndugu, miguu miwili na fimbo mbili, wewe umekuwa meza." Hakucheka. Alikuwa anahema.

Tarehe 6 Machi

Asubuhi nimekuta mwavuli wa Mkwe kwenye msumari wangu. Nimeutupa uani.

Binti akapiga kelele, "Baba, ni mwavuli tu!"

Nikamwambia, "Na huo ni msumari tu?"

Msumari huo una sheria, na sheria nimeitoa kazini. Zamani kila aliyeingia ndani ya bomba kulisafisha alitundika kibati chake cha shaba ubaoni, chenye namba yake. Akitoka anakichukua. Msimamizi hafungulii maji mpaka ubao uwe mtupu. Ndiyo maana niko hai. Nilipostaafu nilikuja na kibati changu nikapiga msumari karibu na mlango. Nikienda mlimani nakitundika. Nikirudi nakitia mfukoni. Mtu yeyote wa nyumba hii akitaka kujua nilipo, atazame msumari, asinipigie simu. Simu sibebi. Ukishavuka mgongo wa kilima simu inakuwa jiwe, na mawe kule yapo ya kutosha.

Kulikuwa na mwenzetu mmoja, nisimtaje. Alitoka ndani ya bomba akaenda kunywa chai, kibati kakiacha ubaoni. Mji mzima ulikosa maji mpaka jioni, sisi tunatambaa gizani kwa magoti tukimwita. Tukamkuta mgahawani, kikombe mkononi, anapuliza. Tangu siku hiyo jina lake likawa Chai. Mimi ndiye niliyempa. Amestaafu akiitwa Chai, na hata msibani kwake mtu mmoja alijisahau akasema tumekuja kumzika Chai.

Tarehe 9 Machi

Mvua ya kwanza. Binti kanificha viatu nisipande. Mchana kalainika, akasema haya, nenda. Akaanza kuvitafuta. Kasahau alipoviweka! Tumevikuta ndani ya ndoo chini ya sinki. Daktari, hapa soma mara mbili.

Tarehe 14 Machi

Mvua. Nimepanda mpaka bwawa la chini tu.

Kwenye chakula cha usiku Mkwe kaanza tena maswali yake. Huyu ni mume wa binti yangu, anauza vitanda na magodoro kwenye duka la kona. Mtu laini, viatu vyake vinang'aa mpaka vinatia haya. Tumekaa naye nyumba moja miaka mingi na sijawahi kumwona akipanda kitu kirefu kuliko kiti.

"Baba, mtu akipotea huko juu kwenye ukungu, afanye nini?"

"Akae chini. Wanaopotea wanakufa kwa kutembea. Atafute paa, akae."

"Na akiita wasimsikie?"

"Kuita ni kupoteza pumzi. Agonge bomba. Zamani mtu akikwama tulikuwa tunagonga kwa jiwe. Sauti haipandi wala haishuki, inapita humohumo kwenye chuma mpaka mwisho."

Anatingisha kichwa kama mtoto darasani. Najua ananidhihaki. Mtu wa magodoro, mawe na mabomba yanamhusu nini?

Tarehe 15 Machi

Mvua.

Tarehe 16 Machi

Mvua. Goti linauma lakini silisemi.

Tarehe 20 Machi

Leo nimeona mwenyewe kwa macho yangu. Nimetoka kuoga, namkuta Mkwe chumbani kwangu, kapiga magoti, ana futi kamba. Anapima kitanda changu, urefu na upana. Aliponiona akaikunja haraka.

"Samahani, Baba, nilikuwa natazama tu."

Unatazama kwa futi? Wameshaamua. Ninapelekwa jijini, chumba wanampangisha mtu. Nimekula kimya leo, na binti akaniuliza kama naumwa.

Tarehe 23 Machi

Nimepanda kwa hasira mpaka lango la bwawa la juu. Pale langoni siku hizi kuna mlinzi mpya, msichana mwenye filimbi shingoni. Kanizuia.

"Babu, leo hapana. Maji yanapita juu ya mawe ya kuvukia kijito."

"Mawe hayo nimeyapanga mimi."

"Basi uliyapanga chini sana," akasema.

Mdomo anao huyo. Nimegeuza, lakini kwa sababu nilikuwa nimeshachoka kumsikiliza, si kwa sababu kasema.

Tarehe 30 Machi

Mvua. Mkwe kaniletea soksi za sufu. Nimeziacha juu ya meza.

Tarehe 4 Aprili

Mvua. Nimezivaa, kwa sababu zilikuwa karibu.

Tarehe 8 Aprili

Mwanangu wa jijini kapiga simu, kasema chumba changu tayari wamekipaka rangi ya maziwa. Nimemuuliza, kuna nini dirishani? Akasema, "Kuna hewa nzuri, Baba." Hilo si jibu.

Tarehe 12 Aprili

Jana sikuandika. Leo naandika nimejifunika blanketi mbili, lakini ni baridi tu.

Jana asubuhi mvua ilikatika. Nikatundika kibati, nikapanda. Kufika bwawa la chini, ukungu umelala juu ya maji huoni ng'ambo, na soli ya kiatu changu cha kushoto ikafunguka mdomo. Nikateremka kwa njia ya nyuma, ile inayotokea uani kwa Gundi. Gundi ni fundi viatu, rafiki yangu tangu tukiwa na nywele. Akapaka, akasema kiatu kikae kwenye kibano mpaka kishike. Mvua ikaanza kumwagika. Akatoa drafti. Nikamfunga. Akataka tena, nikamfunga tena. Yeye atawaambia mengine. Paa linapigwa, jiko linawaka, mimi niko na soksi za sufu, mchana ukapita hivyo.

Mvua ilipopungua nikavaa kiatu, nikaenda nyumbani napiga mluzi.

Binti alikuwa kasimama mlangoni. Aliponiona uso ukafunguka, halafu akatazama nyuma yangu, na uso ukafunga.

"Baba, mume wangu yuko wapi?"

"Nitajuaje? Dukani."

"Amefunga duka mapema kwa ajili ya mvua. Amefika, akaona kibati msumarini. Amekufuata mlimani. Hamkukutana?"

Nikatazama msumari. Kibati changu kinaning'inia pale, namba yangu inanitazama.

"Ulikuwa wapi, Baba?"

"Kwa Gundi."

"Kwa Gundi," akasema. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele. "Nimempigia simu, haipatikani. Amevaa viatu vyake vya dukani, Baba. Hata kula hajala. Nilimwambia asubiri, akasema baba hawezi kukaa mvua yote hii peke yake."

Nilitaka kusema kwamba sheria inasema kibati kinatoka msumarini nikifika nyumbani, na nyumbani nilikuwa sijafika, kwa hiyo sheria sikuivunja. Maneno yalifika mdomoni. Nikamtazama mtoto wangu, nikayameza.

Nikarudi kwa Gundi mbio. Naam, mbio, aulizwe. Akachukua taa kubwa na kamba. Binti akataka kuja, nikamwambia abaki, ili Mkwe akishuka kwa njia nyingine akute mtu na maji ya moto. Kisha tukapanda, wazee wawili, na mimi sikutangulia kwa majivuno kama siku zote. Nilitangulia kwa sababu niliogopa kusimama.

Langoni mlinzi alikuwa na koti la mvua, anatazama njia.

"Babu! Wewe si umepotea?"

"Nani kakwambia?"

"Mtu mmoja wa viatu vyeusi. Kapita hapa anakutafuta. Nikamwambia maji yamefunika mawe ya kuvukia, akasema hatavuka, atatazama tu upande huu. Nimeshapiga simu ya upepo makao makuu, wanakuja asubuhi."

"Asubuhi!" Gundi akasema. "Asubuhi watakuja kuokota nini?"

Msichana yule akafunga lango, akaja nasi.

Tulifika mahali pa kuvukia bado kuna mwanga wa kuonea. Maji yalikuwa yanapita juu ya mawe yangu kwa sauti ya lori. Na ukingoni, kwenye tope, Gundi akamulika kiatu. Kimoja. Cheusi. Juu kilikuwa bado kinang'aa.

Nimeona watu wakifa. Mke wangu nilimshika mkono. Lakini pale kwenye tope sikuthubutu kukigusa kile kiatu. Nilimwona binti yangu mlangoni, ameshika ule mwavuli wa mumewe. Nikafikiria nitaingiaje nyumba ile, nitasema nini, nitakaa kwenye kiti kipi.

Mlinzi akapuliza filimbi. Tukasikiliza. Maji tu. Akapuliza tena. Gundi akaita jina la Mkwe mpaka akakohoa.

Basi nikaenda kwenye bomba. Sijui kwa nini, labda ni miguu tu iliyozoea. Linapita hapo pembeni, limezama nusu kwenye majani. Nikalala kifudifudi kwenye maji, nikaweka shavu kwenye chuma. Binti yangu husema nina sikio moja tu linalofanya kazi. Nililiweka hilohilo. Baridi iliingia mpaka kwenye meno.

Kwanza hakuna kitu. Halafu, tak. Halafu tak, tak.

"Nyamazeni!"

"Hatujasema kitu," Gundi akasema.

"Basi nyamazeni zaidi."

Tak, tak, tak. Kimya. Tak, tak, tak. Nikaokota jiwe nikagonga tatu. Huko ndani ya chuma mtu akagonga kwa fujo, bila kuhesabu, kama mtoto aliyepewa sufuria.

Kando ya bomba hilo pa kukaa ni mahali pamoja tu, kibanda cha zamani cha valvu, juu kidogo kwenye mteremko, kina paa la zege. Tulipanda tukishikana kamba. Gundi akamulika ndani. Mkwe amekaa sakafuni, mgongo ukutani, goti limevimba kama tikiti, mguu mmoja kiatu, mwingine soksi, jiwe mkononi. Aliponiona akataka kusimama, akashindwa.

"Baba! Umeumia?"

Ndivyo alivyoniuliza. Mimi.

"Mimi sijaumia," nikasema.

"Ulikuwa wapi? Nimekutafuta kote upande huu."

Ningeweza kusema uongo. Gundi angeninyamazia, tunajuana. Lakini mtu alikuwa mbele yangu na kiatu kimoja.

"Nilikuwa nacheza drafti."

Mvua ilikuwa inadondoka kwenye ukingo wa paa. Mkwe akanitazama, akamtazama Gundi, akatazama goti lake. Halafu akauliza:

"Nani kashinda?"

Gundi akaanza kucheka, msichana akacheka, Mkwe akacheka mpaka akafuta machozi, na mimi nikacheka pia, ingawa yangu hayakuwa machozi ya kucheka. Ni giza, hawakuona.

Nikamuuliza ilikuwaje. Kasema aliteleza ukingoni, goti likageuka, kiatu kikabaki, ukungu ukafunga hajui juu wala chini. "Nikakumbuka umesema nitafute paa, nikae. Halafu nigonge bomba."

"Ulikuwa unasikiliza?"

"Kila siku nasikiliza, Baba. Pale nyumbani nani mwingine ana hadithi?"

Tumemteremsha, Gundi kulia, mimi kushoto, msichana mbele na taa. Mkwe ni mzito. Kila tulipopumzika Gundi alinitazama, mdomo unamcheza. Kufika karibu na uwanja wa shule akashindwa kujizuia.

"Haya, twende taratibu. Chai anachoka."

Niliwahi kumsimulia hadithi ile mimi mwenyewe. Nastahili.

Binti alimshika mumewe shingoni hapohapo mlangoni wakakaa hivyo. Halafu akanishika mimi. Halafu akatoa kibati msumarini, akakitia mfukoni mwangu, akafunga kifungo cha mfuko kama anavyowafungia watoto wadogo.

Asubuhi ya leo kaniwekea kikombe mezani, kimejaa, kinafuka moshi. Kaniambia, "Karibu chai, Baba." Mkwe kule kitandani nikamsikia anakohoa ndani ya mto.

Tarehe 13 Aprili

Mvua. Nimelala.

Tarehe 15 Aprili

Nimemkandia Mkwe goti kwa maji ya chumvi. Nimemuuliza ana kwa ana, futi ile ilikuwa ya nini? Ameona haya. Kasema aliniona natembea nimejishika kiuno, akataka kuniletea godoro gumu linalofaa mgongo, ila kitanda changu ni cha kizamani, hakina kipimo cha dukani. Wamelikata maalumu. Liko stoo, alikuwa anatafuta siku ambayo sitamfukuza.

Na habari ya jijini? Kasema, "Mimi nilikataa. Nilimwambia mke wangu, mzee akikaa ghorofani atawaambia majirani wote wana miguu ya meza."

Nimeenda stoo nimelibeba godoro mwenyewe. Nusu. Nusu nyingine kabeba binti.

Tarehe 16 Aprili

Nililala kwenye mbao miaka kumi na sikulalamika. Lakini niandike ukweli: jana nililala mpaka jua likaniamsha.

Tarehe 28 Aprili

Mvua inachoka. Vyura wengi kwenye mtaro. Mkwe anatembea bila fimbo.

Tarehe 6 Mei

Leo daktari kaja. Nilifikiria usiku kuchana zile kurasa za tarehe kumi na mbili. Sikuchana. Chai wa kwanza alikana mpaka anastaafu, na ndiyo maana jina lilimganda.

Daktari kasoma yote, mahali pengine akigeuza karatasi apate kusoma. Binti kakaa pembeni, mikono imefungwa. Nilikuwa natazama kilima dirishani, nikijisemea nikitazame vizuri.

"Mzee," daktari akasema, "hapa ulisahau kibati."

"Nilisahau."

"Ni mara ya kwanza unalisema neno hilo," binti akasema.

Daktari akafunga daftari. Kasema mtu anayejua aliposahau si wa kupelekwa popote, ila asitembee peke yake tena. Binti akasema hivyo hivyo. Mimi nikasema sitembei na mlezi. Ndipo Mkwe akatoa kitu mfukoni: kipande cha chuma cha kona ya kitanda, kakikata duara, kakitoboa tundu. Hakina namba. Akakiweka juu ya meza karibu na changu.

Nikawaambia kwamba nimepata wazo. Twende wawili, vitundikwe vibati viwili, turudi wawili. Wote wakasema ni wazo zuri. Binti alikuwa anatazama dari.

Nimepiga msumari wa pili leo jioni. Umekaa chini kidogo ya wangu, kwa sababu mimi ni mkubwa.

Tarehe 10 Mei

Jua. Tumepanda wawili mpaka bwawa la juu. Mkwe kavaa viatu vya kweli, Gundi ndiye kamchagulia. Maji yameshuka, mawe yangu yanaonekana yote, hakuna hata moja lililosogea. Msichana wa lango kasema yamesimama vizuri, nikamwambia ayaseme hayo kwa sauti. Mkwe alihema njia nzima na aliuliza maswali njia nzima. Nimemjibu yote. Mengine nimemjibu mara mbili.

Tumerudi, tumevichukua vibati, misumari mitupu yote miwili.

Mvua zimeisha, naacha kuandika. Asiyeamini amuulize Gundi, ila asimuulize habari za drafti. Amuulize mlinzi wa lango, aliyenipulizia filimbi. Amuulize binti yangu, aliyenifungia kifungo. Na kama bado ana shaka amuulize Mkwe wangu, yupo duka la kona kila siku isipokuwa Jumatano. Jumatano atazame msumari.